Sharti la Aina na Upatanisho wa Ngeli: Kinachopotea Msimbo wa Programu Unapohamishwa

Mzizi -refu hausimami peke yake. Husubiri nomino iuamulie umbo: mlima mrefu, kilele kirefu, njia ndefu. Lugha za programu zenye aina-jumlishi zina utaratibu unaokaribiana na huo. Kitendakazi cha kutafuta mwinuko mkubwa kuliko yote huachiwa nafasi ya aina iliyo wazi, ila huwekewa sharti: kitakachoijaza lazima kiwe namba.

Tatizo huanza msimbo unapohamishiwa lugha isiyo na sharti hilo. TypeScript, iliyotolewa hadharani na Microsoft mwaka 2012, hukagua aina, kisha huzifuta zote inapozalisha JavaScript. Ichukuliwe orodha ya miinuko ya Uluguru inayosomwa kutoka faili la maandishi baada ya ufutaji huo. Kilele cha Lupanga, juu ya mji wa Morogoro, kimeandikiwa mita 2138. Kitongoji cha kubuni kilichoko mteremkoni, 980. Tarakimu zikiingia kama maandishi, JavaScript huzilinganisha herufi kwa herufi: 9 huizidi 2, na kitongoji hukaa juu ya kilele. Hakuna onyo linalotolewa. Kosa hili ni baya kuliko lile linaloisimamisha programu, maana matokeo yake yana sura ya jibu.

Java hufuta kwa namna nyingine. Tangu aina-jumlishi zilipoingizwa mwaka 2004, aina yenyewe huondolewa lakini mpaka wa sharti hubaki, na ukaguzi hupachikwa pale thamani inapotumika. Sharti limehama tu.

Uhamaji huo si mgeni kwa anayetafsiri Kiluguru. Kiluguru huonyesha mahali kwa viambishi vya mwanzoni mwa nomino, ha-, ku- na mu-. Kiswahili sanifu hutumia -ni, na neno "mlimani" pekee halibainishi mahali mahususi, eneo la jumla au ndani. Mfasiri makini huihamishia tofauti hiyo kwenye upatanisho: mlimani pana mwamba, mlimani kuna baridi, mlimani mna mapango.

Kitafsiri cha msimbo nacho kinapaswa kuandika ukaguzi ndani ya kitendakazi: kama thamani si namba, kazi isimame. Gharama yake ni kwamba ukaguzi uliofanyika mara moja sasa hurudiwa katika kila mwito. Kwa orodha ya vilele haitahisiwa. Kwa vipimo vya mvua vya kila saa, vya miaka mingi, italazimu kupimwa.