Upepo wa Ngong Wafanya Kazi

Ndugu Mkulima, ukisimama Tuala na kutazama magharibi utaona Vilima vya Ngong, na juu yake minara myeupe yenye mapanga matatu. Ndiyo mitambo ya umeme wa upepo. Miwili ya kwanza ilitolewa na Serikali ya Ubelgiji mwaka 1993. Mwaka 2009 KenGen iliweka 6 mipya, kisha ikaongeza mingine hata nguvu yote ikafika megawati 25.5. Huko Kipeto, mitambo 60 ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2021.

Yafaa ujue ya kwamba wenye ardhi wa Kipeto hawakuuza mashamba yao. Waliyakodisha, hulipwa kodi, na ng'ombe wao hula majani chini ya minara. Auzaye hupata fedha mara moja. Akodishaye hupata kila mwaka, na shamba ni lake.

Basi, akija mtu kutaka upepo wa shamba lako, usitie sahihi siku hiyo. Hakikisha hati ina jina lako. Uliza muda wa mkataba, malipo, na njia ya mifugo. Shauriana na jamaa zako, kisha mwone wakili. Upepo hauishi, lakini ardhi ikitoka hairudi.