Tarakilishi Inayosamehe Humponza Mwanafunzi

Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mzigo hupungua, naye huenda mbio akifurahi, asijue kwamba mwenye mali atapokea pakacha tupu. Methali hiyo yawahusu sana vijana wetu wanaojifunza kuandika programu za tarakilishi.

Hebu tutazame mfano mmoja. Kila pakiti ya habari inayosafiri katika mtandao wa Ethernet hutanguliwa na anwani mbili, ya mpokeaji na ya mtumaji, kila moja ikiwa na baiti 6. Hufuatwa na baiti 2 zinazotaja aina ya mzigo uliobebwa. Jumla ni baiti 14. Baada ya hapo ndipo huanza maelezo ya intaneti yenyewe, ambamo mna anwani za baiti 4 kila moja.

Tatizo li wapi? Prosesa nyingi hutaka kusoma baiti 4 kwa pamoja kutoka mahali ambapo nambari yake katika kumbukumbu hugawika kwa 4. Lakini 14 haigawiki kwa 4. Kwa hivyo, hata pakiti ikianzia mahali panapofaa, anwani za intaneti zilizomo hukaa upogo.

Tiba yake ni nyepesi. Kwenye mashine zenye sharti hilo, kiini cha mfumo wa Linux huacha baiti 2 tupu mbele ya pakiti. Mbili na 14 ni 16, na 16 hugawika kwa 4. Mwandishi wa programu ya kadi ya mtandao akisahau baiti hizo mbili, amezua hitilafu.

Ajabu ni kwamba hitilafu hiyo haionekani kila mahali. Prosesa za x86, ambazo Linux ilizaliwa juu yake mwaka wa 1991, humsamehe mkosaji na kuendelea na kazi. Zile za SPARC hugoma papo hapo, na mtambo mzima waweza kusimama. Zile za ARM za kabla ya toleo la 6 ziliweza kufanya baya zaidi: badala ya kulalamika, zilizungusha baiti na kumpa msomaji nambari nyingine kabisa.

Ipi basi ni bora: inayosamehe, inayogoma au inayodanganya? Wengi watachagua ya kwanza. Mimi ningemchagulia mwanafunzi inayogoma, kwani humwonyesha kosa lake angali mezani. Aliyeijaribu kazi yake kwenye mashine inayosamehe pekee hujiona amefuzu, kumbe hajatahiniwa. Siku programu yake itakapohamishiwa mashine nyingine, atakayeumia ni mtumiaji asiye na hatia.

Walimu wenzangu, tusiridhike mwanafunzi anapojigamba kwamba programu yake imefanya kazi. Tumwulize ni kwa nini imefanya kazi, na ni wapi ingeshindwa. Wala tusisingizie umaskini wa maabara zetu. Kweli, shule nyingi zina aina moja tu ya mashine. Lakini kugawa 14 kwa 4 na kuona kinachobaki ni kazi ya kalamu na karatasi.