Maumbo ya Msingi ya Vitenzi vya Kiingereza na Lugha za Mwanafunzi wa Maziwa Makuu

Tangu Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, kitenzi cha Kiingereza kimekoma kuwa suala la kipindi cha lugha peke yake. Mwanafunzi hukutana nacho katika hisabati, biolojia na jiografia, na akilisoma vibaya umbo lake hupoteza maana ya swali zima. Maelekezo ya maabara yanasema "the water is heated", yaani maji yanapashwa moto. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "heated" ni wakati uliopita ana sababu ya kudhani kazi hiyo imekwisha kufanyika. Makala haya yanafafanua maumbo ya msingi ya kitenzi hicho na kuonyesha kwamba jedwali la safu tatu linalotumika madarasani huchanganya umbo na njeo.

Ikilinganishwa na Kibantu, Kiingereza ni maskini wa maumbo ya kitenzi. "Write" ina maumbo matano: write, writes, writing, wrote, written. Kitenzi cha kawaida kama "heat" kina manne, "cut" kina matatu, na "must" kina moja tu. "Be", kwa upekee wake, kina manane. Umaskini huo ndio chanzo cha ugumu, kwani umbo moja hubebeshwa kazi nyingi. Kiswahili hutenga andika!, ataandika, kuandika na wanaandika kwa viambishi. Kiingereza hutumia "write" ileile kote, na kuliachia neno linalotangulia kazi ya kuonyesha tofauti.

Jedwali la shule huorodhesha umbo la kwanza, la pili na la tatu, kisha huyaita mawili ya mwisho kwa jina la wakati uliopita. Kwa umbo la pili, jina hilo linafaa kwa kiasi kikubwa. Kwa la tatu linapotosha. Katika sentensi "the letter will be written tomorrow", barua itaandikwa kesho, hakuna lililopita. Umbo "written" halina njeo hata kidogo. Njeo hubebwa na kitenzi kisaidizi, na umbo la tatu huleta ama ukamilifu likifuata "have", ama kutendwa likifuata "be". Neno moja la Kiswahili, imeandikwa, lina mofimu za kazi zote mbili, -me- na -w-. Kiingereza huzigawa katika maneno matatu, "has been written". Kukariri vitenzi visivyo vya kawaida, takriban 250 kwa hesabu ya Quirk na wenzake (1985), hakumfundishi mwanafunzi jambo hili. Tena vitenzi vya kawaida, ambavyo ndivyo vingi, havitofautishi safu ya pili na ya tatu, hivyo asiyezoea kutazama kisaidizi hana alama nyingine ya kumwongoza.

Hapa lugha za nyumbani zina msaada ambao haujatumiwa. Katika Kinyarwanda, kwandika hutoa yanditse, na gukora hutoa yakoze. Katika Luganda, okuwandiika hutoa awandiise. Mwisho wa kitenzi hubadilika na kugusa hata konsonanti ya mzizi, kwa hiyo mtoto wa Kigali au wa Kampala si mgeni wa kitenzi kinachobadilika umbo kwa ndani. La maana zaidi, umbo hilo halifungwi na wakati uliopita: aricaye ya Kinyarwanda na atudde ya Luganda humaanisha ameketi, hali iliyopo sasa. (Kiswahili nacho kilikuwa na -ile ya namna hiyo, ambayo masalia yake yamo katika tungo za kale za pwani ya kaskazini.) Ulinganisho huu una mpaka. Umbo la Kibantu hujitegemea bila kisaidizi, na kutendwa huhitaji kiambishi chake, kama katika byanditswe.

Umbo lenye -ing huleta kosa la aina nyingine. Kiambishi -na- cha Kiswahili hubeba tendo linaloendelea na hali ya kudumu kwa pamoja, ndiyo maana ninajua hugeuka "I am knowing". Umbo lenye -s ni dogo lakini sumbufu: msemaji wa lugha inayopatanisha kila kitenzi na nafsi hulazimika kukumbuka upatanisho mahali pamoja tu, kisha kuuondoa baada ya "does".

Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 ulianzisha ufundishaji kwa lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo. Hata hivyo, kiongozi cha mwalimu wa Kiingereza kinaweza kuandikwa bila kugusa sarufi ambayo mwanafunzi anaileta darasani. Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Safu ya tatu iitwe kwa kazi yake, ukamilifu na kutendwa, na kila umbo lionyeshwe pamoja na kisaidizi chake, kwa mifano iliyotolewa katika vitabu vya sayansi. Mitihani nayo ipunguze kujaza jedwali, imuulize mtahiniwa kama maji katika "the water is heated" yamekwisha kupashwa moto au bado.