Huna Moog? Hivi ndivyo unavyoweza kupika sauti ya analogi kwa kinanda cha FM ukiwa Lodwar

Kaseti yenyewe ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ile mifuko ya kabla ya marufuku ya 2017, na raba mbili juu yake. Nilipewa na mama mwenye hoteli katika soko la Waethiopia, Kakuma 1. Marehemu mumewe alivuka mpaka nayo. Harusi ya binti yao ilikuwa imebakisha wiki mbili na mama alitaka kitu kimoja tu: wimbo wa kwanza wa upande wa pili, ule waliouchezea wao wakiwa vijana, upigwe na kikundi chetu binti akiingia.

"Hiyo ni rahisi, mama," nikamwambia. Usiwahi kusema rahisi kabla ya kusikiliza kaseti.

Katika wimbo huo kuna sinthesaiza moja inayobeba kila kitu. Sauti nene, yenye joto, inayoyumba kidogo kama mtu anayevuka mchanga wa laga ya Tarach na mtungi wa maji kichwani. Nikatoa kinanda changu, Yamaha reface DX niliyoinunua ikiwa imeshatumika, nikachagua sauti ya kiwandani iliyokaribiana nayo, nikapiga. Mama alisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Hiyo ni ya kanisani, mwanangu."

Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi. Na kama wewe ni mpiga kinanda Lodwar, Kakuma au Kalobeyei, najua umewahi kuambiwa hivyo, au umejiambia mwenyewe usiku ukiwa na hedifoni masikioni. Sauti za dijitali zinang'aa kama kioo. Wewe unataka ile ya zamani, yenye vumbi. Bei ya Moog halisi hata huthubutu kuiuliza. Basi kaa hapa, tupike.

Kwanza uelewe unapambana na nini. Sinthesaiza ya analogi hufanya kazi kwa kupunguza. Osileta inatoa wimbi lililojaa, tuseme wimbi la msumeno au la mraba, halafu filta inakata makali yasiyotakiwa. Minimoog iliyotoka 1970 ilikuwa na osileta tatu zinazomwagika kwenye filta moja, basi. Fikiria fundi anayechonga ekicholong: anaanza na kipande cha mti, anapunguza hadi kigoda kinatokea.

FM huenda kinyume. Inaanza na karibu hakuna kitu: wimbi la saini, laini kama mluzi. Mwaka 1967, John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akicheza na vibrato. Akaongeza kasi ya ule mtikisiko, akaongeza tena, hadi sikio likashindwa kuhesabu mitikisiko na kuanza kusikia sauti mpya kabisa. Kampuni ya Hammond ilionyeshwa ikakataa. Yamaha wakachukua, na 1983 wakatoa DX7, kinanda chenye opareta 6 na namna 32 za kuziunganisha. Ile piano ya umeme inayolia kama kengele kwenye nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ya themanini? Ndiyo hiyo.

Opareta ni wimbi moja la saini lenye envelopu yake. Ukiiacha isikike moja kwa moja, tuiite mbebaji. Ukiitumia kumtikisa mwenzake badala ya kusikika, tuiite msukumaji. Siri yote ya leo iko hapa: kiwango cha msukumaji ndicho filta yako. Mpandishe, sauti inakuwa kali. Mshushe, inakuwa butu. Ukishalielewa hilo, nusu ya kazi imeisha, kwa sababu kila ulichokuwa ukitamani kufanya na kitufe cha filta kwenye Moog sasa unakifanya na envelopu ya msukumaji.

Sasa wimbi lenyewe. Mpe mbebaji uwiano wa 1 na msukumaji uwiano wa 1, kisha mpandishe msukumaji polepole. Utasikia hamoniki zote zikijitokeza, na sauti itaelekea kwenye msumeno. Badilisha msukumaji awe 2, na zitabaki hamoniki zisizogawanyika kwa mbili tu: 1, 3, 5, 7. Hiyo inaelekea kwenye mraba, sauti yenye uwazi ndani kama filimbi ya mwanzi. Njia nyingine ni fidibaki, yaani opareta kujitikisa yenyewe. Kwenye reface DX kila opareta ina fidibaki yake, ukiisukuma upande mmoja unapata msumeno, upande wa pili mraba. DX7 ya zamani ina fidibaki kwa opareta moja tu katika kila muunganisho, kwa hivyo ichague kwa busara.

Kosa langu la kwanza, na nadhani litakuwa lako pia, ni kumsukuma mno msukumaji mmoja. FM haikui kwa mstari ulionyooka. Ukizidisha, hamoniki zingine zinapanda huku zingine zikizama, kisha zinabadilishana, na badala ya filta inayofunguka unasikia sufuria imeanguka. Tumia kiasi kidogo kwa wasukumaji kadhaa badala ya kingi kwa mmoja. Chumvi pia huongezwa kidogo kidogo, si ndiyo?

Halafu unene. Kama una opareta nne, zipange jozi mbili: mbebaji na msukumaji wake, mara mbili. Kama uko kwenye DX7, chagua algorithimu ya 5, ambayo inakupa jozi tatu zilizo sawa. Jozi tatu, osileta tatu za Minimoog. Unaona tunakoelekea? Jozi ya pili ipe detyuni kidogo juu, ya tatu kidogo chini. Zikilia pamoja zinagongana taratibu, na kile kinachosikika kama joto ni huko kugongana.

Sasa tuongee kuhusu joto lenyewe, maana hapa Turkana tunalo la kutosha.

Hujawahi kujiuliza kwa nini sinthesaiza za zamani zinayumba? Lami ya sauti, yaani juu na chini, ilitegemea transista zinazogeuza volti kuwa masafa, na transista hizo husikia hali ya hewa. Zikiachwa bila kusawazishwa, hukosea kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Fanya hesabu. Studio ya mabati Kanamkemer iko digrii 25 alfajiri na 35 saa nane mchana. Tofauti ya digrii 10 ni zaidi ya asilimia 3, kumaanisha ukipiga oktavu, noti ya juu inakosa mahali pake kwa karibu nusu ya semitoni. Watengenezaji waliweka kipingamizi maalum cha kusahihisha kosa hilo, lakini halikuisha lote. Nikiwa mkweli, Moog ya zamani hapa Lodwar ingeshinda siku nzima ikitafuta tyuni yake.

Kinanda cha dijitali hakina ugonjwa huo. Fuwele ndani yake inahesabu na tyuni haitikisiki hata chumba kiwe tanuri. Kwa hivyo inabidi umpe ugonjwa kwa makusudi. Kwenye LFO chagua mwendo wa polepole kabisa, elekeza kwenye lami, kina chake kiwe kidogo sana. Ukikisikia waziwazi umezidisha. Kwenye DX7 na ndugu zake tafuta kile kitufe cha kulandanisha osileta na kidole, kizime. Kikiwa kimewashwa, kila noti inaanza mahali pale pale pa wimbi, mara mia kwa mia, na sikio hugundua ulinganifu huo hata kama huwezi kuueleza. Kikizimwa, noti mbili hazifanani kamwe.

Na jambo hili dogo ndilo lililomfanya mama aache kunikatiza: nguvu ya kidole. Minimoog haikujali umeigonga kwa nguvu au kwa upole, kila noti ilitoka sawa. Kinanda chako kinajali. Nenda kwa kila opareta, weka usikivu wa kidole kwenye sifuri. Ghafla unapiga kama watu wa kaseti, kwa sababu hisia sasa lazima zitoke kwenye urefu wa noti na jinsi unavyoteleza kutoka moja hadi nyingine. Washa mono na portamento, utaelewa ninachosema.

Usidanganywe kwamba kila kitu kinawezekana. Ule mlio wa filta ya analogi ikipigishwa mluzi, rezonansi ile ya "wiiiau", FM inauiga kwa shida. Nilijaribu kumpa msukumaji mmoja uwiano wa juu, 6 au 7, kiwango kidogo, envelopu inayoanguka haraka. Inatoa kitu, kama vokali mwanzoni mwa noti. Inatosha kwa harusi. Mtu anayemiliki Moog atacheka, lakini yeye hakualikwa.

Noti za juu pia zitakukera, zitalia kama bati. Tumia skeli ya kibodi ushushe wasukumaji kadiri unavyopanda kulia. Kisha korasi kidogo. reface DX inayo ndani, DX7 haina efekti yoyote, kwa hivyo hapo utategemea miksa au tarakilishi.

Nasikia unasema: na sisi tusio na kinanda chochote cha FM? Dexed ni programu ya bure ya tarakilishi inayofuata DX7 opareta kwa opareta, na inasoma faili za sauti zake. Kibodi ndogo ya USB na laptopu ya kawaida, umeingia. Kagua pia vinanda vidogo vya zamani vya Yamaha vya familia ya PSS unapoviona kwa wauzaji wa vitu vya mitumba. Baadhi vina FM ya opareta mbili unayoweza kuibadilisha, ingawa vinafanana na vya watoto. Ila kinanda cha kawaida cha PSR unachokiona kanisani hakitakuruhusu kufika ndani, hata ukibembeleza.

Mimi nilichagua reface kwa sababu moja isiyo ya kimuziki hata kidogo: inakula betri sita za AA na ina spika zake. Umeme wa Turkwel unapita kwenye nguzo kuelekea gridi ya taifa, lakini ukiwa Kakuma unapiga muziki kwa ratiba ya jenereta ya mtu. Nimewahi kupoteza kazi ya saa tatu stima ilipokatika kabla sijahifadhi. Hifadhi kila dakika kumi, msee, na uipe kila sauti jina utakalolikumbuka. "TEST 4" si jina.

Kuna mtu unafaa umsikilize ukiwa katika safari hii. Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa, alirekodi kaseti peke yake huko Washington mwaka 1985: akodiani aliyoanza nayo utotoni, ikizungukwa na sinthesaiza na mashine ya ngoma. Baadaye akaendesha teksi kwa miaka mingi, na kinanda akikiweka kwenye buti, akifanya mazoezi garini akisubiri abiria. Kaseti ile ilitolewa upya mwaka 2013 na akarudi jukwaani. Sikiliza jinsi anavyoacha noti iyumbe kabla ya kuikata. Huwezi kuipata kwenye menyu.

Nilirudi Kakuma siku nne kabla ya harusi, probox imejaa, kinanda mapajani kutoka Lodwar, kilomita kama 120 za vumbi. Mama alikuwa akichoma buni. Nikaweka kinanda kati ya vikombe, nikapiga ule mstari wa mwanzo, mono, portamento, jozi mbili zikigongana.

Akasimama na sufuria ya buni mkononi. Hakusema lolote kwa muda. Kisha akatikisa kichwa. "Iko juu."

Nikaangalia noti. Zilikuwa sahihi, nilizinakili moja moja. Nikapiga tena. "Iko juu, mwanangu. Yetu iko chini kidogo."

Ikabidi tutafute redio ya kaseti ya jirani. Tulipoweka kaseti ndipo nikaelewa: betri za redio zilikuwa zimechoka, mota ilizunguka polepole, na wimbo wote ulishuka karibu nusu ya semitoni. Ndivyo walivyousikiliza miaka yote ile, kwa betri zinazokaribia kuisha. Nikafungua menyu ya tyuni ya kinanda, nikashusha hadi aliponiinulia mkono. Kisha nikampigia simu mpiga gitaa aliyebaki Lodwar, nikamwambia alegeze nyuzi zote sita.