Tulipompa Mganga wa Mvua Jina Lisilo Lake

Mvua ya Kakamega haina haya. Ikifika saa tisa alasiri utaona wingu limepanda kutoka upande wa msitu, na kabla hujaanua nguo imekwisha kukunyea. Sisi watu wa pwani, tuliozoea kuuhesabu mwaka kwa kusi na kaskazi, hutuchukua muda kuyazoea mambo haya. Kwa hiyo msomaji atacheka akisikia kwamba jioni moja ya mvua kama hiyo, umeme umekatika na taa ya chemli i mezani, watu watano tulikuwa tumejifungia chumbani katika mji huu tukipanga ukame.

Ni ukame wa kubuni, bila shaka. Tulikuwa tukitunga kisa kipya cha mchezo.

Mchezo wenyewe waitwa Ars Magica, maneno ya Kilatini yenye maana ya sanaa ya uchawi. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987. Si kama bao wala karata. Hakuna kete za kula na hakuna mshindi. Watu hukaa mezani, kila mmoja amejivika mtu wa kubuni, na mmoja wao huwa msimulizi. Msimulizi husema: umefika mlangoni, mbwa anabweka, wafanya nini? Mwenzake hujibu, na pale ambapo jambo laweza kufaulu au kuharibika hutupwa dadu lenye pande kumi. Basi ni zile hadithi za bibi, ila hapa wasikilizaji wana haki ya kumkata bibi maneno.

Usimulizi hupokezanwa kwa zamu, na safari hii zamu ilikuwa yangu.

VITENZI NA MAJINA

Aliyesoma sarufi ataupenda mchezo huu. Mchawi wake anajua vitenzi vitano na majina kumi, yote ya Kilatini, na nguvu zake zote hutoka katika kuunganisha kitenzi kimoja na jina moja. Vitenzi ni naumba, natambua, nageuza, naharibu na natawala. Miongoni mwa majina mna maji, moto, mimea, mwili, ardhi, akili na hewa. Akisema "naharibu" na "moto", moto wazimika. Akisema "naumba" na "hewa", wingu hutanda na mvua kunyesha. Hakuna kafara la kuku.

Najua wako watakaouliza Mwislamu ana haja gani na mchezo wa sihiri. Shemeji yangu wa Mombasa aliniuliza hivyo kwa simu kabla sijamaliza sentensi. Mimi si shehe na sitatoa fatwa. Nilimjibu tu kwamba sote tulilelewa kwa hekaya za majini na safari za Sindbad, na sijui mtu aliyetoka katika hekaya hizo akaenda kufuga jini. Isitoshe, mna kanuni katika kitabu hicho iliyonistaajabisha: mahali ambapo watu humwabudu Mungu, uwe msikiti, kanisa au sinagogi, sihiri hulegea. Mwenzetu mmoja, dada wa Mumias, aliipenda sana kanuni hiyo. Kwao Uislamu uliingia kwa misafara ya watu wetu wa pwani katika karne ya 19, enzi za watawala wa Wanga, na adhana husikika mjini. Akasema mchawi yeyote atakayepita kwao atachoka mapema.

Kisa hutendeka kwa desturi katika Ulaya ya mwaka 1220. Mwaka huo kwa hesabu yetu ni 617 Hijria, nami sikuona sababu ya kuwapeleka watu wa Kakamega mpaka Ufaransa kutafuta wachawi. Mwandishi wa jiografia Sharif al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kasri la mfalme Roger wa Sicily, aliandika habari za Malindi. Alisema kwamba wako watu huko wanaojua kuwafunga nyoka wakali wasimdhuru mtu, isipokuwa yule anayekusudiwa mabaya. Al-Idrisi mwenyewe hakufika pwani yetu; aliandika aliyosimuliwa. Lakini akataja na jina la watu hao, na wako wataalamu waliolisoma jina hilo, lililopotoka katika hati za Kiarabu, kuwa ni neno letu "mganga".

Basi nikampata mgeni wangu: mganga wa nyoka kutoka Malindi. Na nyoka wakali wako wapi kuliko msitu wa Kakamega? Ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 240, mabaki ya upande wa mashariki ya msitu mkubwa wa Kongo. Wamo mbega, wamo ndege wa rangi usizoweza kuzitaja, na yumo nyoka mnene wa jamii ya bafe, aitwaye wa Gabon, ambaye akilala juu ya majani makavu utamkanyaga ndipo umwone. Mwaka 1220 ni nani hasa walioishi hapo, hakuna maandishi, na kwa msimulizi hiyo ni neema.

Nikapanga hivi. Mgeni afika akakuta kijiji hakijapata mvua misimu miwili, mahindi yamekauka. Dada wa Mumias akanizuia papo hapo: mahindi ni mgeni kutoka bara la Amerika, hayakufika Afrika kabla ya Wareno. Nikafuta, nikaandika wimbi. Kisha nikaendelea: aliyeifunga mvua ni mzee akaaye kichakani na chungu chake, na kazi ya wachezaji ni kumshinda. Juu ya karatasi yake nikaandika kwa herufi kubwa: MCHAWI WA MVUA.

JINA BAYA

Kijana mmoja kati yetu ni wa Bunyore. Alilitazama lile karatasi, akaweka dadu mezani, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu mimi sichezi naye." Tulidhani anatania.

Bunyore leo iko katika kaunti ya Vihiga, lakini hadi mwaka 1990 ilihesabiwa katika wilaya ya Kakamega, na huko uko ukoo wa Nganyi, wenye sifa ya mvua tangu zamani. Kwa lugha yao mtu wa mvua ni omukimba. Mtu anayeroga wenzake wana jina lake jingine kabisa, nao humwogopa kama sisi tunavyomwogopa mchawi. Mimi kwa neno langu moja nilikuwa nimewatia wote wawili katika kapu moja.

Wala jina hilo la uchawi si geni katika sheria. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, ikamtisha kwa adhabu yeyote ajidaiye kuwa na nguvu zisizo za kawaida za kuwatia wenzake hofu, kuwasumbua au kuwadhuru.

Na kazi yenyewe ya watu wa Nganyi, ukiitazama, sehemu kubwa ni kutazama. Wanavyo vichaka vyao walivyovihifadhi bila kukata mti. Hutazama mti gani umechanua na upi umepukutisha majani, ndege gani amelia, wadudu wanakwenda upande gani. Yako na mambo ya chungu na dawa, ambayo si ya kila mtu kuyajua. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wa kituo cha tabianchi cha IGAD waliketi nao, wakalinganisha utabiri wa setilaiti na utabiri wa miti, wakatoa tangazo moja kwa wakulima. Manahodha wetu waliokuwa wakitazama nyota na rangi ya maji kabla ya kutweka tanga wasingeona ajabu.

Lakini kijana wetu hakutaja setilaiti. Alisema jambo jingine. Mvua ikija kwa wakati, watu huenda shambani. Ikichelewa, au mawe yakivunja mimea, ndipo wanapokumbuka njia ya kwenda kwa mzee. Mwaka mzuri hakuna wa kumshukuru kwa sauti, na mwaka mbaya yeye ndiye wa kujibu.

Basi nilichana karatasi, na kisa kikageuka chote. Sasa mzee hakuifunga mvua. Amewaambia watu mapema kwamba haiji, nao hawakutaka kusikia. Usiku wachezaji wanapowasili, watu wamekwisha kuzingira boma kwa mienge. Mganga wa Malindi yumo ndani, mgeni wa mzee huyo, amekula chumvi yake. Na wachawi wetu wa Kilatini wanayo ile "naumba" na "hewa". Wakitamka tu, mvua itanyesha, watu watacheka na kutawanyika. Lakini tangu siku hiyo nani atamwamini mzee akisema mvua haiji? Na mwakani, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, watu watamwendea nani na mienge ile?

Sikuandika jibu. Msimulizi akishalijua jibu, wachezaji huwa punda wa kuswagwa.

Ilipokaribia saa tatu mvua ya kweli ilikatika, tukasikia vyura. Kijana wa Bunyore akasema atacheza, tena omukimba atakuwa yeye mwenyewe, kwa sharti moja: mzee akisema lolote juu ya mvua, lisitupiwe dadu. Nimekubali, ingawa kitabu hakiruhusu na sijui bado nitafanyaje. Tunaanza Jumamosi baada ya isha.