Urejeshi na Mkato katika Insha za Wanafunzi

Kiswahili kina njia tatu kuu za kujenga kishazi rejeshi: kwa amba- (mtu ambaye anasoma), kwa kiambishi kinachokaa kati ya njeo na mzizi (mtu anayesoma), na kwa kiambishi cha mwishoni mwa kitenzi (mtu asomaye). Kila njia inajitosheleza. Wanafunzi wengi, hata hivyo, huchanganya mbili kwa pamoja, wakaandika “mtu ambaye anayesoma”. Hapo urejeshi umetajwa mara mbili, ilhali mara moja ingetosha.

Kosa la pili ni la uakifishaji, nalo ni la hatari zaidi, kwani halivunji sarufi bali hubadili maana. “Wanafunzi ambao hawajalipa ada watarudishwa nyumbani” ni kauli inayohusu baadhi yao tu. “Wanafunzi, ambao hawajalipa ada, watarudishwa nyumbani” inawahusu wote, kwa kuwa mikato imekigeuza kishazi kuwa maelezo ya ziada. Katika mazungumzo, sauti husaidia kubainisha tofauti hiyo. Katika maandishi, mzigo wote huuangukia mkato. Asiyeufundisha mkato pamoja na urejeshi amefundisha nusu ya somo.