Karatasi za usiku mmoja, bei ya karne nzima

Taa ya boga iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1920 si kitu kikubwa. Ni rojo la karatasi lililoumbwa kwa kalibu, likapakwa rangi ya chungwa, likatobolewa macho, pua na mdomo, kisha likatiwa waya wa kushikia. Nyuma ya matundu ilibandikwa karatasi nyembamba iliyochapwa mboni na meno, ili mshumaa ukiwaka ndani uso uonekane hai. Karatasi hiyo ndiyo iliyotangulia kuungua. Leo mnunuzi mzoefu akiishika taa ya namna hiyo huigeuza kwanza, akachungulia ndani. Akiikuta karatasi ya asili ingali nzima, bei inapanda. Akikuta imebandikwa nyingine, au haipo kabisa, bei inaporomoka.

Biashara ya mapambo ya kale ya Halloween imesimama juu ya uchunguzi huo. Anayelipa mamia au maelfu ya dola halipii karatasi. Analipia kitu kilichotengenezwa ili kiangamie usiku mmoja kisha kikasalimika, na analipia elimu ya mtu anayeweza kuthibitisha kwamba ndicho chenyewe.

Sikukuu yenye fedha nyingi

Halloween huadhimishwa Oktoba 31, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mizizi yake iko kwa Wakelti wa Ireland na Uskoti, na wahamiaji wa karne ya 19 ndio walioisafirisha hadi Marekani. Huko ikageuka kuwa usiku wa watoto kubisha hodi wakiomba peremende, na wa nyumba kupambwa kwa maboga, popo, paka weusi, bundi na viunzi vya mifupa.

Mwaka 2023 Shirikisho la Kitaifa la Wauza Rejareja la Marekani lilikadiria kwamba Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sikukuu hiyo, na kati ya hizo dola bilioni 3.9 zingekwenda kwenye mapambo pekee. Sehemu kubwa ya fedha hizo hununua bidhaa mpya za plastiki. Soko la vitu vya kale ni kijito kando ya mto huo, lakini kila mtu anayekua akiipenda sikukuu hii ni mteja anayeweza kuja kesho.

Waliotengeneza

Mwanzoni mwa karne ya 20 sherehe za Halloween zilifanyika zaidi sebuleni, na kampuni za karatasi ziliiona fursa mapema. Dennison ya Framingham, Massachusetts, ilikuwa ikiuza karatasi ya krepu. Mwaka 1909 ilitoa kijitabu kiitwacho Bogie Book kilichomwelekeza mama wa nyumbani namna ya kupamba meza, kushona vazi na kupanga michezo, yote kwa karatasi za Dennison. Kuanzia 1912 vijitabu hivyo viliendelea kutoka hadi miaka ya 1930. Vilikuwa matangazo ya kuuza bidhaa nyingine. Leo matangazo hayo yenyewe ndiyo bidhaa, na toleo la 1909 ni miongoni mwa vitu vinavyosakwa mno.

Mshindani wake, Beistle, ilianzishwa Pittsburgh mwaka 1900 na kuhamia Shippensburg, Pennsylvania, mwaka 1907. Ilijipatia jina kwa karatasi laini ya masega, ile inayokunjuka kama sega la nyuki na kuwa mpira au boga, na kwa viunzi vya mifupa vya karatasi ngumu vyenye viungo vinavyochezeka. Kampuni hiyo ingali hai na inatengeneza vifaa vya sherehe hadi leo.

Ujerumani nayo ilileta taa, vinyago na picha za karatasi zilizokatwa kwa kalibu na kunyanyuliwa kwa shinikizo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa nchi zilikotoka, na neno “Germany” lililogongwa mgongoni mwa paka mweusi limekuwa hati ya kuzaliwa kwake. Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara hiyo, viwanda vya Marekani vikashika nafasi kwa taa za rojo zito, la aina ileile ya trei za mayai.

Upande wa postikadi hadithi ni ya kushangaza zaidi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilipitisha postikadi zaidi ya milioni 677, wakati nchi ilikuwa na watu wasiofika milioni 90. Stempu yake ilikuwa senti moja. Zinazoongoza kwa bei katika kundi la Halloween ni kadi za John Winsch wa New York, hasa zilizochorwa na Samuel Schmucker na kuchapwa Ujerumani. Kadi ya kawaida ya zama hizo huuzwa kwa makumi ya dola. Hizi huenda kwa mamia.

Kwa nini zimeadimika

Pambo la Krismasi lilikuwa la kioo, likafungwa kwa pamba na kurithishwa. Pambo la Halloween lilikuwa la karatasi, likapigiliwa pini ukutani, likamwagikiwa sharubati, na asubuhi likatupwa. Taa ziliteketezwa na mishumaa yake. Haikuwa kosa la mtu, kwa kuwa ndivyo zilivyouzwa: ununue, utumie, utupe, mwakani ununue tena.

Uharibifu huo ndio uliozaa bei. Wakusanyaji huviita vitu hivi ephemera, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha vitu vya siku moja.

Njia ya bidhaa

Safari huanza mara nyingi nyumba ya mzee aliyefariki inapofunguliwa na vyombo vyake kuuzwa. Mchuuzi hununua sanduku zima, huchambua, kisha huuza kipande kimoja kimoja. Vingine hupelekwa kwenye magulio ya vitu vya kale, kama lile la Brimfield, Massachusetts, linalofanyika mara tatu kwa mwaka. Vya thamani huenda kwenye nyumba za mnada kama Morphy ya Pennsylvania, na vingi sasa huuzwa kwa intaneti.

Kuanzishwa kwa eBay mwaka 1995 kulitikisa soko hili. Kitu ambacho mchuuzi wa mji mmoja alidhani ni cha pekee kilionekana kipo katika majimbo kumi, kikashuka bei. Vile vilivyokuwa adimu kweli vilipata wanunuzi wa nchi nzima, vikapanda. Tangu hapo pengo kati ya cha kawaida na cha nadra limezidi kupanuka.

Msimu nao una nguvu. Hamu ya wanunuzi huwaka kuanzia Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo mfanyabiashara mwenye subira hununua wakati wa baridi na kuuza majani yanapoanza kupukutika.

Faida, hata hivyo, haiji kirahisi. Tuseme nyundo ya mnada imegonga kwenye dola 1,000. Mnunuzi huongezewa ada, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, akalipa 1,200. Muuzaji akikatwa kamisheni ya asilimia 15, anabaki na 850. Dola 350 zimeishia katikati. Anayenunua leo ili auze mwakani lazima bei ipande sana ndipo aone senti. Tena serikali ya Marekani hutoza faida ya vitu vya ukusanyaji vilivyoshikiliwa zaidi ya mwaka mmoja kodi inayoweza kufika asilimia 28, ilhali kwa hisa kiwango cha juu ni 20.

Mgema akisifiwa

Bei zilipopanda, bandia zikaja. Beistle yenyewe imechapa upya michoro yake ya zamani, kihalali, lakini nakala hizo zikichakazwa kidogo huweza kumhadaa asiyejua. Wapo pia wanaochapa kwa mashine za kisasa na kuchovya karatasi kwenye chai ili ionekane kuukuu.

Wazoefu wana silaha tatu. Ya kwanza ni lenzi ya kukuzia: uchapaji wa kale wa litografia huacha chembe za rangi zisizo na mpangilio, wakati uchapaji wa kisasa huacha vitone vilivyopangwa kwa safu. Ya pili ni taa ya urujuanimno: karatasi nyingi za baada ya katikati ya karne ya 20 zina kemikali ya kung’arisha, nazo huwaka weupe wa samawati chini ya mwanga huo, ilhali za kabla yake hubaki zimefifia. Ya tatu ni kushika vitu halisi vingi kwa miaka, mpaka kidole kitambue uzito wa karatasi kabla jicho halijasoma alama.

Kutunza nako ni gharama. Karatasi ya bei nafuu ya wakati ule ina asidi inayoila taratibu. Jua huifubaza, unyevu huipindisha. Utepe wa gundi, uliobandikwa kwa nia njema, huacha doa lisilofutika. Watunzaji hutumia bahasha zisizo na asidi, plastiki ya poliesta na chumba chenye giza.

Sanduku letu

Nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa na karatasi za namna hiyo. Katika miaka ileile ya kadi za Schmucker, wapigapicha wa Zanzibar kama A. C. Gomes na ndugu wa familia ya Coutinho waliwauzia abiria wa meli postikadi za mji na watu wake. Zilisafiri Ulaya na Marekani kwa stempu ya bei ndogo. Leo ziko katika soko lilelile la karatasi za kale. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina Mkusanyo wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Zimesalimika kwa sababu mtu fulani, mbali na hapa, aliziona zinafaa kutunzwa.

Kalenda za maduka, tiketi za meli, programu za taarabu na kadi za harusi zetu nazo zilichapwa ili zitumike siku moja. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba zitakuwa mali, na nyingi hazitakuwa. Lakini soko la Halloween limeonesha kwamba thamani ya karatasi huamuliwa siku ya kufagia, miaka mingi kabla ya siku ya mnada. Sanduku la babu linapofunguliwa, kabla moto haujawashwa jaani, tuigeuze kila karatasi na kuchungulia nyuma yake, kama afanyavyo mnunuzi wa taa ya boga.